Dawa Niliyoitafsiri Vibaya

Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya hapa Garsen. Nimefanya kazi hapo miaka mingi, hata wako wanawake niliowapokea siku walipozaliwa ambao sasa wananiletea mimba zao niwapime. Wote huniita sista. Nilizaliwa Wenje, kwa wazazi Wapokomo waliolima mahindi na ndizi ukingoni mwa mto, na Kiorma, lugha ya majirani zetu wafugaji, nilikijua nikiwa mdogo sana. Wanawake wa Kiorma walikuja kwetu na maziwa wakaondoka na mahindi, na mimi ndiye niliyetumwa uani kuwapokea. Nilianza kwa kuhesabu, nikaenda kwenye salamu, na mwisho nikawa naelewa hata walipokuwa wakimsengenya mama yangu kwamba vipimo vyake ni vidogo.

Lugha hiyo ilinijengea jina kazini. Mgonjwa akitoka upande wa malisho, asiyejua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, niliitwa mimi. Madaktari wageni walinisifu kwa hilo, nami nilizipenda sifa zao. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninalolieleza hapa sikulifanya kwa sindano wala kwa dawa. Nililifanya kwa Kiorma.

Niliyemkosea ni mama mmoja wa Kiorma, mjane, aliyekuwa akiniletea maziwa. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Kila asubuhi, kwa miaka isiyopungua kumi, alifika mlangoni kwangu akiwa na kibuyu chake kinachonukia moshi, akamimina, akaketi kidogo kwenye ngazi, tukaulizana habari za nyumbani. Ng'ombe wake alikuwa akiwakamua mwenyewe. Alikuwa na binti mtu mzima aliyeishi naye, lakini hakumwachia kazi hiyo, alisema ng'ombe wanaujua mkono wake na mkono mwingine wanaunyima. Wakati wa zile vurugu kati ya watu wa mto na watu wa mifugo, siku ambazo sisi hatukwenda kwao na wao hawakuja kwetu, maziwa yalikatika kwa muda. Kisha asubuhi moja nikasikia hodi nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama pale na kibuyu. Hakusema lolote kuhusu vita. Aliuliza tu watoto wangu wamekunywa chai ya rangi siku ngapi.

Ajali yake ilitokea kiangazi. Wafugaji wetu huvifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijiti vya mti fulani vinavyowaka, ili maziwa yapate harufu na yasiharibike upesi. Alikuwa ameinama akifanya kazi hiyo ncha ya mtandio wake ilipoangukia kwenye kaa. Ulikuwa mtandio wa nailoni. Alipoona moto unapanda kifuani aliukamata kwa mkono wa kulia ili aung'oe, na nailoni ikayeyuka ikamgandia kiganjani. Alifanikiwa kuutupa. Kifua kikasalimika, lakini mkono uliungua kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Walimleta kwetu kesho yake, mkono umepakwa samli. Nilimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, naye aliyafumba macho asitoe sauti. Kiganja kilikuwa cheupe mahali fulani, na rangi hiyo kwenye jeraha la moto haimfurahishi muuguzi yeyote, kwa sababu ina maana moto umeingia ndani. Mkubwa wangu wa kazi aliangalia mara moja akasema apelekwe hospitali kubwa ya huko pwani. Binti yake alikuwa amejifungua wiki ile ile, asingeweza kusafiri. Nikasema nitakwenda naye mimi, kwa kuwa huko hapatakuwa na mtu wa kumsemea.

Yule binti alinishika mkono kabla gari halijaondoka. "Umsemee vizuri," aliniambia.

Kabla sijafika kwenye wodi ile, inanibidi nieleze kisa kingine, ambacho wakati huo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nilipokuwa muuguzi mpya, katika hospitali nyingine mbali na hapa, nilipewa mgonjwa mwanamume aliyekuwa na bonge la damu mguuni. Dawa yake ilikuwa heparini. Ni dawa ya zamani sana, kila muuguzi anaijua. Kazi yake ni kuzuia damu isigande, na watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Huja katika vichupa vidogo, na kuna vyenye nguvu ya kawaida na vingine vyenye nguvu mara tano. Siku hizo vilikaa kwenye sanduku moja na vilifanana. Mchana mmoja wenye wagonjwa wengi nilichukua kichupa bila kusoma. Kabla ya jioni yule mtu alikuwa anatokwa damu kwenye fizi, na mkojo wake ulikuwa mwekundu. Walimpa dawa ya kupinga ile niliyompa, wakamwongezea damu, akapona. Mimi nilikuwa tayari nimekitumbukiza kile kichupa kwenye sanduku la sindano zilizotumika. Nilipoulizwa, nilijibu kwamba nilitumia kile cha nguvu ya kawaida. Wakaandika kwamba mwili wake haukuivumilia dawa. Mke wake alinishukuru siku walipotoka.

Tangu siku hiyo, jina la heparini likitajwa, mikono yangu hutoka jasho.

Tulipofika hospitali ya pwani tulipewa kitanda katika wodi ya majeraha ya moto. Daktari aliyeisimamia alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na tabia ya kuzungumza na mgonjwa akiwa amesimama. Alivuta kiti. Alimwangalia yule mama, akanigeukia mimi.

"Sista, heparini unaijua?"

"Naijua," nilisema.

"Basi unaijua kazi yake ya zamani. Sisi hapa tunatafuta kama ina kazi nyingine. Kuna madaktari sehemu mbalimbali wamekuwa wakiidondosha juu ya ngozi iliyoungua, wakasema maumivu yanapungua, uvimbe unashuka, na ngozi mpya inaota laini. Wengine wamejaribu na hawakuona tofauti kubwa. Bado hatujui nani yuko sahihi. Ndiyo maana tunawaomba wagonjwa ruhusa, na anayekataa anapata matibabu ya kawaida kama wengine. Unaweza kumweleza hivyo? Yote mawili, faida tunayoitumaini na mashaka tuliyo nayo."

Nilimuuliza kwa nini dawa ya damu iponye ngozi. Hakuniona mjinga kwa kuuliza. Alisema inaonekana ile dawa hushikamana na vitu vinavyotolewa na mwili kwa ajili ya kujenga upya nyama na mishipa midogo, ikavikalisha pale pale penye jeraha, na tena hutuliza ule mwako unaofanya kovu kuwa gumu. Kisha akasema wanaidondosha kidogo kidogo na kumpima mgonjwa damu mara kwa mara, ili isiingie mwilini kwa wingi.

"Na jambo moja ulitaje waziwazi," aliongeza. "Dawa hii hutengenezwa kutoka matumbo ya mnyama. Nyingi duniani ni ya nguruwe. Lakini hii yetu tumeagiza ya ng'ombe kwa makusudi, kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni Waislamu. Mwambie ni ya ng'ombe. Asipoambiwa atakuwa na wasiwasi, na ana haki."

Yule mama alikuwa akituangalia mdomoni, kama wanavyofanya watu wanaosubiri kutafsiriwa. Mkono wake ulikuwa umelazwa juu ya mto, umefungwa shashi nyeupe. Niliinama karibu naye. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na maneno yote. Hakuna hata moja nililolikosa katika Kiorma, na ninalisema hilo kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba lugha ilinishinda.

Nilimwambia kwamba daktari ana dawa ya kujaribu. Nilitumia neno ambalo wafugaji hulitumia wanapomjaribu maksai mchanga, kuona kama ataibeba nira au ataanguka.

"Inafanya nini?" aliuliza.

"Inaifanya damu kuwa maji," nilisema. "Mtu anaweza kutokwa damu ikakataa kusimama. Nimemwona mtu hivyo kwa macho yangu."

Akauliza, "Lakini daktari anasema itanisaidia?"

"Anasema hajui."

Hayo yote yalikuwa kweli, kila neno moja moja. Hata hivyo niliona hajakataa bado. Aliuangalia mkono wake, akamwangalia daktari, na usoni mwake niliona yuko karibu kusema ndiyo, kwa sababu alikuwa na maumivu makali na mtu mwenye maumivu makali hukubali mengi. Nami mikono yangu ilikuwa imelowa. Nikamwambia kwamba dawa hiyo hutolewa katika matumbo ya mnyama.

"Mnyama gani?"

"Nyingi ni ya nguruwe," nilisema.

Aliuvuta mkono wake pamoja na mto, kana kwamba dawa ilikuwa tayari iko juu yake. Akamtaja Mungu. Kisha akasema kwa utulivu, "Mwambie namshukuru. Mwambie nitakaa na maumivu yangu."

Daktari aliuliza amesema nini. Nilimwambia amekataa.

"Umemweleza kwamba ni ya ng'ombe?"

"Nimemweleza."

Aliandika kwenye karatasi zake, akamgusa yule mama begani, akaenda kitanda kinachofuata.

Kwenye kitanda hicho alilala fundi wa injini za mashua kutoka Kipini, ambaye petroli ilimlipukia mkononi. Mkono wake ulikuwa umeungua karibu sawa na wa mama yetu. Yeye alikubali. Mara kadhaa kwa siku walikuja na bomba la sindano lisilo na sindano, wakamdondoshea ile dawa polepole juu ya jeraha, naye siku za mwanzo aliuma meno kama mtu yeyote. Siku ya tatu au ya nne nilimkuta ameketi anakula wali kwa mkono mzima.

"Sista," aliniambia, "hii dawa yapoza. Kwanza yauma kidogo, kisha moto washuka. Mbona huyu mama hamumwekei?"

Nilimwambia kwamba mama alikataa.

"Maskini," alisema, akaendelea kula.

Nilikaa pale wiki mbili. Kila walipombadilishia yule mama shashi, aliniomba nimshike mkono wa kushoto. Alinibana hata pete yangu ikaacha alama kwenye kidole cha pili. Hakuwa mtu wa kulia, lakini jasho lilimtoka usoni na miguu yake ilitetemeka chini ya shuka, na kitanda cha pili yule fundi aligeukia ukutani ili asione. Siku moja baada ya kumaliza, alilala akinitazama, akasema, "Mungu akubariki. Ningekuwa peke yangu hapa wangenipaka nguruwe."

Ningeweza kusema kweli wakati ule. Daktari alikuwa mwisho wa wodi, hatua ishirini hivi. Nilijiambia kwamba sasa nimechelewa, kwamba jeraha lina siku nyingi, kwamba heparini ni dawa ya hatari na mimi nimemwepusha nayo. Nilimfunika shuka nikaenda kunawa.

Walimkata ngozi pajani wakaipandikiza mkononi. Ilishika, ila si kote. Tuliporudi Garsen alipewa mazoezi ya kunyoosha vidole, nami nilimwonyesha kila nilipomwona. Lakini kunyoosha kulimuuma mno, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumhimiza. Kovu likawa gumu, likaanza kuvuta. Baada ya miezi michache vidole vitatu vilikuwa vimekunjika kuelekea kiganjani na havikufunguka tena. Alibaki na kidole gumba na cha shahada. Alijaribu kukamua kwa mkono wa kushoto, ng'ombe wakarusha mateke. Kazi hiyo ikaenda kwa binti yake, na kuanzia hapo ni yule binti aliyeniletea maziwa, mtoto mgongoni, akimimina haraka na kuondoka, kwa kuwa alikuwa na mengi ya kufanya.

Mama mwenyewe nilimwona siku za soko. Kila aliponikuta alinishika kwa mkono wake mzima akawaambia wenziwe, "Huyu ndiye aliyenisemea." Wanawake wakaniombea heri. Nilianza kupita njia ya nyuma siku za soko. Nyumbani nikamwambia yule binti kwamba tumepunguza maziwa, alete siku mbili kwa wiki, ili nisimwone kila asubuhi. Sikufikiria wakati huo kwamba nilikuwa naipunguzia riziki nyumba ile ile niliyoidhuru. Nililifikiria baadaye.

Zaidi ya mwaka ulipita. Siku moja mchana nikiwa kwenye chumba cha chanjo, simu yangu ililia. Alikuwa yule daktari wa pwani. Alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wake wa zamani, waliokubali na waliokataa. Nilimweleza hali ya mkono. Alisikitika, akasema kuna upasuaji wa kulilegeza kovu, vidole vikafunguka, si vyote labda, na kwamba angependa kumpokea tena. Kisha akasema, bila kunilaumu, kama mtu anayesema jambo lililokuwa likimkaa kichwani, "Nimekuwa nikimfikiria yule mama. Wengi waliokataa nilielewa sababu zao. Ila yeye ni mfugaji, maisha yake yote ni ng'ombe. Nilishangaa akatae kitu cha ng'ombe."

Nilimuuliza kama fundi wa Kipini amepona.

"Mkono wake unafunguka vizuri," alisema. "Lakini mtu mmoja si jibu, sista. Wengine walioitumia wana makovu, na wengine wasioitumia wamepona vizuri. Bado tunaangalia."

Nilimaliza chanjo za siku ile. Nikarudi nyumbani. Lile neno lake, bado tunaangalia, lilinikaa vibaya kuliko kama angeniambia kwamba dawa ile ni ya hakika. Ingekuwa ya hakika, ningejua nimemfanyia nini mama wa watu. Ingekuwa haifai, ningepumua. Sasa sikuujua uzito wa kosa langu, nilikuwa na kosa tu. Na hata kama dawa isingemsaidia chochote, uamuzi ulikuwa wake, mimi nikauchukua huku nikimwachia aamini kwamba ameamua mwenyewe.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi kwao, nyikani, mwendo wa kama saa moja. Nilimkuta nje ya nyumba yake kwenye kivuli cha turubai, mjukuu amelala pembeni. Binti yake alikuwa anachuja maziwa. Walinikaribisha kama mgeni wa heshima, nikapewa chai ya maziwa matupu. Niliinywa yote kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilimwambia kwanza habari ya upasuaji. Alifurahi. Alivitazama vidole vyake akauliza kama ataweza kukamua, nikasema labda. Kisha nikamwambia, "Mama, kuna jambo nililokuficha. Ile dawa uliyoikataa haikuwa ya nguruwe. Ilikuwa ya ng'ombe. Daktari aliniambia nikuambie, na mimi sikukuambia."

"Ng'ombe?" alisema.

"Ng'ombe."

"Ulisahau?"

Alinipa mlango wa kutokea pale. Angefurahi kama ningeupitia, nadhani, kwa sababu alikuwa akinipenda. Nikasema hapana, sikusahau. Nilimweleza juu ya yule mwanamume wa zamani, kile kichupa, damu kwenye fizi, na uongo wangu. Nilimwambia kwamba niliiogopa dawa ile, na kwamba nilipoona anataka kukubali nilimtajia nguruwe kwa kuwa nilijua atakataa.

Binti yake alikuwa ameacha kuchuja. Alisimama mbele yangu, chujio mkononi.

"Ni kwa sababu sisi ni Waorma?" aliuliza.

"Hapana."

"Angekuwa Mpokomo, mama yako mwenyewe, ungemwambia nini?"

Mama yangu mwenyewe ningemwambia naiogopa dawa hii, kwa sababu nilifanya kosa nayo. Ningemwambia hivyo, kisha angeamua. Kwa mama huyu, aliyeniletea maziwa wakati wa vurugu, nilichukua dini yake nikaitumia kama kamba ya kumvutia nilikotaka mimi. Sikumchukia. Lakini kamba hiyo ilikuwa karibu na mkono wangu na niliichukua bila kufikiri, na sijui ni nini kiliiweka karibu hivyo.

Mama alikuwa akiusugua mkono wake uliokunjika kwa ule mzima. Hakunitazama tena. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Na ingeniponya?"

"Hakuna anayejua. Hata daktari hajui."

"Huyo daktari anajua kwamba ulinidanganya?"

"Bado."

"Mpigie," alisema.

Nilimpigia palepale. Nilimweleza daktari yote kwa Kiswahili, wao wakinisikiliza, na binti, ambaye Kiswahili chake cha Garsen ni kizuri kuliko nilivyodhani, akimnong'oneza mama yake. Daktari hakunikemea. Alisema atalazimika kuliandika hili na kumjulisha mkubwa wangu, na kwamba wagonjwa wengine wote waliotafsiriwa itabidi waulizwe upya. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimpe simu binti. Niliitoa, nikainuka, nikaenda kusimama penye zizi. Walizungumza muda mrefu. Nilisikia mama akiuliza maswali, moja baada ya jingine, mengi kuliko aliyoniuliza mimi siku ile wodini.

Mkubwa wangu wa kazi aliniita wiki iliyofuata. Niliandikiwa barua, nikaondolewa kwenye kazi ya kutafsiri, na ile habari ya kichupa cha zamani nikaiandika pia na kuituma kule ilikotokea. Hawajanijibu. Yule mwanamume sijui kama yuko hai, na sijui kama kuna mtu atamtafuta. Nilitegemea kwamba baada ya kuandika nitalala vizuri, lakini sikuona tofauti.

Mama alikwenda pwani kufanyiwa upasuaji akiwa na binti yake, mtoto wamemwachia shangazi. Mimi nilijua siku yao ya safari kwa kuwa maziwa hayakuja. Huko, binti aliniambia baadaye, daktari alieleza tena juu ya ile dawa, kwamba sasa wanaijaribu pia kwenye vidonda vipya vya upasuaji wa makovu, na kwamba bado hawana jibu. Mama aliuliza ni ya mnyama gani. Aliomba aonyeshwe chupa. Binti alimsomea maandishi, akauliza ni ya ng'ombe wa wapi, na daktari akacheka akasema hilo hajui. Mama akakubali.

Walirudi baada ya wiki kadhaa, na vidonda vilikuwa vinahitaji kusafishwa kwetu kila baada ya siku mbili. Muuguzi mwenzangu alikuwa likizo. Hapakuwa na mtu mwingine, nikavaa glavu.

Mama aliketi kwenye kiti, mkono juu ya meza. Binti aliketi kati yetu. Nilimsalimia mama kwa Kiorma, salamu ndefu, ya mifugo na mvua na watu wa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake akasubiri. Binti alinitazama, kama aliyeona haya kidogo, akairudia salamu yangu neno kwa neno, kwa Kiorma kile kile. Ndipo mama akaitika.

Nilifungua shashi. Nikamwambia akunje vidole taratibu. Alimgeukia binti, binti akasema akunje vidole taratibu, akavikunja. Nikamwambia avifungue. Binti akamwambia avifungue. Viwili vilifunguka karibu kabisa, cha mwisho kilibaki nusu. Nikauliza kama anaumia, swali likapita kwa binti, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: kidogo, hasa asubuhi.

Tulifanya hivyo kwa majuma matatu. Hakuwahi kunisemesha vibaya. Ngozi ilikuwa ikifunga vizuri.